Seli za Mama

Dada yangu ni mtaalamu wa maabara, na kwa ubishi hana mpinzani. Mimi ni fundi wa majokofu kwenye jengo hilohilo, kwa hiyo hunifokea nyumbani na kazini pia.

Kidonda cha mguuni mwa mama kiligoma kufunga mpaka mama akafariki. Kabla ya hapo alikubali wachukue kijipande cha ngozi yake kwa ajili ya utafiti, na dada ndiye aliyezilea seli zake kwenye visahani ndani ya kabati la joto. Lakini seli nazo huchoka, hazizaliani milele. Vilibaki visahani viwili tu. Dada alitaka jibu la jambo moja: seli za mama zilishindwa kutembea, au hazikuitwa?

Maana mwili ukijeruhiwa, hutoa mafuta fulani, machache mno. Seli zikiyahisi, hujikokota kwenda kuziba pengo. Dada akakwaruza mstari mtupu, kama jeraha, katikati ya seli za kisahani cha kwanza, akatia mafuta hayo, akasubiri.

Kesho yake mstari ulikuwa wazi vilevile.

"Basi," akasema. "Ni seli zenyewe. Zilikuwa zimeshaisha nguvu."

Nilimwambia pole. Nyumbani hakula. Alijipa kazi ya kuosha vyombo huku akinisema, kama kawaida yake.

"Wewe na bakuli lako la plastiki! Nasugua, nasugua, mafuta hayatoki!"

Mara akaacha kusugua, sponji mkononi.

"Nini tena?"

"Vichupa vya kioo vilikuwa vimekwisha," akasema polepole. "Yale mafuta niliyachanganyia kwenye plastiki. Yameng'ang'ania humo, mdogo wangu. Seli hazijapata kitu!"

Nilitaka kucheka, nikamwona uso, nikafyata mdomo.

Safari hii alitumia kioo, akaongeza protini ya kuyabeba mafuta yasigandie njiani. Ilipofika zamu ya kuchora mstari, alikikagua tena kichupa cha kioo. Hicho kilikuwa kisahani cha mwisho. Akikosea, hakuna kingine, na mama hayupo wa kuombwa ngozi.

"Nisamehe, mama," akanong'ona, akakwaruza.

Asubuhi alinivuta mpaka maabara kwa sababu aliogopa kutazama peke yake. Akainamia hadubini, akakaa hapo mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Sema basi, dada!"

Akanipisha. Nilitafuta ule mstari, sikuuona. Seli zilikuwa zimetambaa kutoka pande zote mbili zikakutana katikati.

"Zimetembea!" nikapiga kelele. Nikamgeukia nimkumbatie kwa furaha.

Dada alikuwa ameshika ukingo wa meza, analia kwa hasira.

"Zilikuwa zinaweza," akasema. "Hazikuitwa tu. Muda wote ule, mama amelala pale anaoza mguu, zilikuwa zinaweza."