Gari la Lami

Kaka yangu Eliamini ni mtu anayesoma karatasi ya ndani ya boksi la dawa kabla hajameza kidonge. Anaisoma yote, mpaka jina la kiwanda. Ni mtunza stoo wa shule moja ya sekondari pale Moshi mjini, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na hajawahi kupoteza hata boksi la chaki. Nasema hivi ili msidhani ni mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningelala vizuri.

Gari lake la kwanza lilimfia baada ya wiki tatu. Alilinunua kwa mtu wa kijiweni, kwa maneno matamu na soda ya baridi, injini ikagoma hata hajamaliza kulitambulisha nyumbani. Sasa watu wa kwetu Old Moshi huwajui wewe. Mwaka mzima akipita kwenda kanisani wanamuuliza, "Mzee wa stoo, leo tusukume?" Alikuwa anacheka nao, lakini mimi nimezaliwa naye tumbo moja, najua lilimkaa rohoni.

Kwa hiyo la pili alilitafuta miezi mitano. Alizunguka yadi zote za magari za Moshi, akafika mpaka Arusha, daftari kwapani. Alikuwa na sumaku ameifunga kwenye leso isikwaruze rangi. Sumaku ikikataa kushika mlango, anajua hapo pana puti, gari limeshagongwa. Anainama kuangalia raba ya pedali ya breki. Ikiwa imelika hadi chuma na saa inasema kilomita elfu arobaini, anafunga daftari na kuondoka bila kuaga. Fundi Melkior, aliyekuwa akiongozana naye, alichoka mpaka akamwambia, "Eli, wewe hununui gari, unaoa."

Akalipata. Premio ya rangi ya fedha, imetumika kidogo huko Japani, bei anayoiweza, na juu ya yote ina waranti. Mwaka mzima, injini na giaboksi, kwa maandishi na muhuri. Nani mwingine anakupa kitu kama hicho? Wengi waranti yao inaishia getini.

Ila waranti ile ilikuwa na masharti tisa, na kaka yangu, nimeshawaambia, anasoma. Sharti la sita lilisema gari lisitoke nje ya lami. Likitoka, waranti imekufa. Na yadi wakafunga chini ya dashibodi kidude cha kuwaonyesha gari liko wapi. Eliamini akasoma, akaelewa, akasaini. Kwetu lami inaishia kwenye duka la Filemon. Kutoka pale ni kilomita tatu za udongo kupanda mpaka mlangoni kwa mama.

"Utafikaje nyumbani?" nilimuuliza.

"Ni mwaka mmoja tu, Martha. Nyumba haihami."

Desemba ikafika. Desemba watoto wa huku wanapanda kutoka Dar na Mwanza, magari yanajaa vihambani, huku kwenye migomba yetu, yana tope mpaka kwenye vioo, na ndiyo raha yenyewe hiyo. Premio ya kaka yangu ikalala kwa Filemon, imefunikwa turubai. Yeye akapanda kwa miguu na kreti ya soda begani. Mama alikuwa amewekewa kiti nje tangu asubuhi.

"Gari liko wapi?" akauliza.

"Liko chini, mama."

"Linaumwa?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Mama hakucheka. Alivunjika nyonga miaka miwili nyuma akikata majani ya ng'ombe, na tangu hapo hatembei zaidi ya kutoka chumbani hadi jikoni. Bodaboda ndiyo kabisa, haiwezekani. Alikuwa anangoja gari la mwanawe limfuate pale mlangoni kwa sababu moja tu, nayo ni dada yake.

Mama mkubwa Elinaike aliolewa Chekereni, kule chini kwenye majaruba ya mpunga, nako hakuna lami mpaka mlangoni kwake. Ndiye aliyemlea mama baada ya bibi kufariki. Alimbeba mgongoni naye mwenyewe akiwa mtoto wa miaka tisa. Tangu nyonga ivunjike walikuwa hawajaonana, ni simu tu. Na mwezi wa kwanza, binti yake Magreth akatupigia. Mama mkubwa amekatazwa chumvi, amekatazwa mafuta, sasa daktari amewaambia wamrudishe tu nyumbani. "Mwambieni mdogo wake aje," Magreth alisema. "Anamuulizia kila siku."

Siku hiyo hiyo nilitaka kumwita Wilbert. Wilbert ana pikapu ya kubebea ndizi, ni jirani, anapanda mpaka mlangoni hata mvua ikinyesha. Nikampigia kaka kumweleza. Heh! Alinijia juu.

"Unataka kuniaibisha? Mama yangu apakiwe nyuma ya mikungu ya ndizi na mimi nina gari? Pale Chekereni watasema nini?"

"Basi njoo na gari lako."

"Nitakuja. Nipe siku mbili tatu, naongea na yadi."

Na mama, Ruwa wangu, Mungu wangu, mama naye alikuwa upande wake. "Nina mtoto mwenye gari," alisema. "Sikodi. Nataka dada anione nikishuka kwenye gari la Eliamini."

Mnajua kaka yangu aliongeaje na yadi? Aliwaandikia barua. Barua ya kuomba kibali cha kutoka nje ya lami kwa siku moja, kwa sababu za kifamilia, nakala mbili, na namba ya kumbukumbu juu. Nilimwambia, "Eli, twende tu. Kidude kiseme kinachotaka kusema." Akanijibu waranti ikifa na injini ikafa nani atamnunulia nyingine, mimi na vihela vyangu vya kuuza maziwa? Injini ile ilikuwa nzima kama jiwe.

Wiki ya kwanza ikapita. Mama alikatiwa mkungu wa ndizi mshare ampelekee dada yake, ukaiva, tukaula. Akakatiwa mwingine. Kila asubuhi ananiambia nimpasie gauni la kitambaa, kisha anakaa. Jioni simu inawekwa sikioni kwake, namsikia anasema, "Nakuja, dada. Eliamini ananileta." Wiki ya pili Mama mkubwa akawa haongei, anasikiliza tu. Namba ya Wilbert nilikuwa nayo kwenye simu hii hii. Nilikuwa naitoa, naiangalia, naificha. Niliogopa hasira za kaka yangu. Mtu mzima mimi, nina wajukuu wawili, niliogopa kununiwa.

Mama mkubwa alifariki siku ya Jumatano, kabla jua halijachomoza. Alhamisi majibu ya yadi yakatoka. Wamekubali. Kibali ni cha Jumamosi, mwisho saa kumi na mbili jioni, siku ile ile ya mazishi.

Eliamini alinipigia kunieleza. Alilia, sitamsingizia, alimlilia sana Mama mkubwa. Halafu akajifuta kamasi, akasema, "Afadhali kibali kimeangukia Jumamosi." Nilikata simu. Ningebaki pale ningemtukana.

Jumamosi Premio ikapanda kwetu kwa mara ya kwanza. Ilipanda vizuri, haikugusa hata jiwe, dakika kumi na mbili tu kutoka kwa Filemon. Nilizihesabu, na zilinitia uchungu kuliko kifo chenyewe. Eliamini akashuka, akamwamkia mama shikamoo, akamfungulia mlango wa mbele. Mama akasema atakaa nyuma na mimi.

Tulipofika Chekereni watu walimpisha, akamwona dada yake ndani ya jeneza, akaweka kiganja kwenye paji la uso wake akakiacha hapo muda mrefu, mpaka mchungaji akalazimika kusubiri. Baada ya kuzika aliomba kiti akae karibu na kaburi. Watu wakaenda kula. Mimi nikabaki nimesimama nyuma yake. Basi nikamwona kaka yangu anakuja, anaangalia saa, anarudi, anakuja tena.

"Mama," akasema taratibu, "saa kumi na nusu."

Mama akanyoosha mkono nimwinue.

Tulifika nyumbani mwanga bado upo. Nikamshusha mama. Akasimama kwenye fimbo yake, akafungua fundo la khanga, akatoa noti ya elfu kumi, akamnyooshea Eliamini.

"Shika, baba. Nauli."

"Mama, hapana. Mimi ni mwanao."

"Shika. Wilbert angenitoza zaidi kidogo, ila angenifikisha dada akiwa hai."

Mama akaisogeza noti mpaka kifuani kwake. Kaka yangu akaipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa, akabaki amesimama nayo. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini, na kutoka pale mpaka lami ni dakika kumi na mbili. Nilimsikia anawasha gari.