Utulivu wa Afande

Afande alinihubiria utulivu kutoka Arua hadi Kampala, na safari nzima aliyekosa utulivu alikuwa yeye.

Tulikuwa wawili tu, tukiwakilisha tawi letu katika mashindano ya shabaha ya kampuni ya ulinzi tunayoifanyia kazi. Yeye alikuwa mkubwa wangu. Mimi nililinda lango la duka la mabati, nikisimama juani hadi uso ukawa kama sufuria ya kuni. Mshindi angehamishiwa Kampala kuwafundisha walinzi wapya. Afande alitaka kombe la kuweka mezani. Mimi nilitaka kurudi Kawempe, hukohuko Kampala, kwa haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Ndiye aliyenilea, na wakati huo magoti yalikuwa yamemgomea, hata maji ya kunywa alichotewa na majirani.

Afande ndiye aliyeendesha gari, na redio aliizima tangu tunaondoka. "Siraha inataka roho baridi," alisema, akiniita nyabo, yaani bibie. "Vuta pumzi, nyabo. Sahau kila kitu." Kisha akampigia honi mwendesha baiskeli hadi akaingia kichakani. Kwenye daraja la Karuma tulisimama, nyani wakatukodolea macho, na Afande akawatukana kwa kusogelea gari. Nyani haoni kundule, nikasema moyoni. Nilipotaka chai ya njiani alinikataza, eti chai inatingisha mukono. Yeye alikula mishikaki na soda mbili.

Tuliingia Kampala jioni, tukakabidhi bunduki polisi, nikaenda kulala kwa haboba. Asubuhi alinimiminia chai ya tangawizi, nikamwambia nimekatazwa.

"Nani amekataza?" akauliza. "Babu yako alikuwa jeshi maisha yote, na chai iko ndani ya tumbo. Huyu afande yako ametoka wapi?"

Nikanywa vikombe viwili. Alinisindikiza hadi mlangoni akishika ukuta, na hakusema neno juu ya kuhamia, maana hakutaka kunitia mzigo. Hilo liliniuma kuliko kama angelia.

Uwanjani kila mpigaji alikuwa na karatasi yake ya shabaha, yenye namba kubwa juu. Yangu ilikuwa sita, ya Afande saba. Wengine walikuwa wanajaribu risasi chache kuona kama bunduki zimevumilia safari. Afande alikaa chini kivulini, akafumba macho, akavuta pumzi kama mama anayejifungua. Watu walimzunguka kwa heshima. Mimi nilijaribu zangu, nikasoma namba yangu, nikalala kifudifudi kusubiri filimbi.

Tulipomaliza, karatasi zikaletwa. Yangu ilikuwa imetoboka kama chujio. Ya Afande ilikuwa safi, ungeweza kuandikia barua ya posa. Kwa utulivu wake wote, kila risasi alikuwa ameipeleka kwangu.

Unadhani aliona haya? Alichungulia karatasi yangu, akaweka kidole katikati. "Hizi za katikati ni zangu," akamwambia mwamuzi. "Za huyu nyabo ni hizo za pembeni. Yeye roho yake haitulii."

Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Akilini nilimwona haboba akishika ukuta, na huyu mtu anagawa matundu yangu kama nyama ya sherehe. Mwamuzi alisema matundu hayana jina: Afande ametoka patupu, na mimi nirudie peke yangu.

Nililala tena kifudifudi. Afande akachuchumaa nyuma yangu. "Vuta pumzi," akanong'ona. "Sahau..."

"Afande, nyamaza!" Nilisema kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia. Sikusahau kitu. Nilipiga nikiwa na hasira, na chai ya haboba tumboni, na risasi zote zikakaa katikati, na safari hii hakuna aliyekuwa na cha kudai.

Sasa nafundisha Kampala, na maji ya haboba nayachota mimi. Afande alirudi Arua akasimulia kwamba nilishinda kwa mafunzo yake. Wakubwa walimsikiliza, lakini na ile karatasi safi walikuwa wameiona. Mwezi uliopita wakamleta kwenye darasa langu, ajifunze upya.

Alikaa kivulini, akafumba macho. Nikampelekea kikombe cha chai, sukari tele.

"Fumbua macho, Afande," nikamwambia. "Karatasi yako ya shabaha ile pale uwanjani. Nisomee namba."

Akasoma. Nikamwambia arudie kwa sauti, wanafunzi wasikie.