Wakala Aliyeniambia Hana Kazi

Mimi ni mwepesi wa hasira. Nalisema mapema kwa sababu hasira ndizo zilizonitoa kazini. Nilisomea umeme wa magari makubwa na mitambo, nikafanya kazi mwaka mmoja na nusu kwenye karakana moja mjini Kahama, kisha siku moja nikagombana na msimamizi mbele ya watu, nikatupa spana chini, nikaondoka. Miaka miwili iliyofuata nilikaanga mandazi mtaa wa Nyahanga, hapo hapo mjini. Hayakuwa mandazi mabaya. Lakini kila lori lililopita barabarani nilisikiliza injini yake, nikajua inaumwa wapi, na hakuna aliyeniuliza. Nilitaka jambo moja tu: kurudi kwenye ufundi wangu kabla mikono haijausahau.

Siku hizi huendi tu kwenye geti la kampuni za migodini na bahasha yako. Nyingi huchukua watu kupitia mawakala wa ajira, na mawakala huku kwetu wamejaa kama mabanda ya chipsi. Wapo wenye mabango makubwa, wapo ambao ofisi yao ni simu na kiti cha plastiki. Nikamchagua mmoja wa Katoro. Nitasema ukweli kwa nini nilimchagua, ingawa unaniaibisha. Alikuwa na mlango wa kioo na kiyoyozi, lakini hayo nisingeyajali. Kilichonimaliza ni kwamba nilipoingia alisimama, akaniamkia, "Mwangaluka!" kwa Kisukuma cha nyumbani kabisa. Akauliza baba yangu ni wa wapi, babu ni wa ukoo gani, mvua imenyesha vipi kijijini kwetu Songwa. Dakika kumi baadaye tuligundua kwamba bibi yake na bibi yangu walizaliwa vijiji jirani, na mimi nikawa mpwa wake.

Ukimpa mtu wa kwetu salamu kamili, umemfungulia mlango wa nyumba yake mwenyewe. Kuhusu ufundi wangu hakuniuliza neno. Aliahidi kazi ndani ya wiki mbili, akaomba vyeti vyangu halisi ili wateja wake wavione. Nikampa cheti cha ufundi, leseni, na hata cheti cha kuzaliwa. Karatasi ya kuonyesha kwamba amevipokea sikudai. Nani anamdai mjomba wake risiti?

Wiki mbili zikawa miezi mitatu. Nikipiga simu alikuwa ananiita mpwa wangu, ananiuliza hali ya mama, na kuniambia nivute subira. Mara mbili nilisikia karakana fulani inatafuta mafundi, na mara zote mbili sikuweza kuomba kwa kuwa sikuwa na cheti mkononi.

Ndipo mama akaja kunitembelea kutoka Songwa, na kiroba cha mchele na maswali. Nikamsimulia. Alikuwa anachambua mchele, akauweka ungo chini.

"Ofisi ile ulikwenda kuichunguza kwanza?"

"Nichunguze nini, mama? Mtu ni wa nyumbani."

"Kwani wanaooa binti zetu wanatoka Ulaya? Si ni wa nyumbani hao hao?"

Mama anajua anachosema. Binti wa kwetu akichumbiwa, wazee hawakubali posa kwa uzuri wa mshenga. Hutuma mtu akapite kule, kimyakimya, na mtu huyo hamuulizi mwenye kaya. Huwatafuta wanawake waliokwisha kuolewa mle, akawakuta kisimani au mnadani, akaangalia wanavaa nini, wanacheka vipi, wanasemaje kuhusu mama mkwe. Mama mwenyewe ameshatumwa mara nne, na mara moja alirudi na jibu lililovunja harusi ambayo ng'ombe walikuwa wameshahesabiwa.

Nikamjibu kwa jeuri kwamba mchagua jembe si mkulima. Akaniangalia kwa huruma. "Hiyo methali wanaisema watu wa mjini," alisema. "Mimi nalima pamba tangu hujazaliwa, na jembe huwa nachagua."

Kesho yake asubuhi akanipeleka kwa mama lishe mmoja ambaye mafundi na madereva wa kampuni za migodini hula kwake wakitoka zamu. Tukaagiza ugali na samaki. Mama akawa anasogea benchi hadi benchi, anawasalimia vijana wenye vizibao vya kung'aa, nao wanamwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba na kuuliza papo hapo: kazini uliletwa na nani? Mshahara unakuja kwa siku yake? Ulipoumia, wakala alipokea simu? Mimi nilikuwa nimeinamia samaki wangu, natamani ardhi inimeze. Lakini vijana walijibu! Walijibu kwa kirefu, na kwa uchungu, kama watu waliosubiri muda mrefu kuulizwa. Wawili walikuwa wamepitia kwa yule wa Katoro. Mmoja wao aliajiriwa kuwa dereva wa mtambo, alipofika akapewa fagio.

Watatu, ambao hawakukaa meza moja, walimtaja mama mmoja mwenye ofisi nyuma ya duka la vifaa vya shule. Mmoja wao alisema, "Huyo mama ni mkali, anakuhoji kama polisi. Lakini nikiwa kazini alinipigia kuuliza kama nimepewa buti."

"Huyo," mama alisema, akamalizia samaki wangu.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja, feni inayolia, na makabati ya mafaili. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, miwani puani. Hakuuliza ukoo wangu. Aliuliza nimefanya mitambo ya aina gani, natafutaje hitilafu ya umeme kwenye lori lisilowaka, ninaweza kusoma mchoro wa nyaya. Nilijibu na nikajisikia mtu tena. Kisha akauliza kwa nini niliacha kazi.

"Mkataba uliisha," nilisema.

Akavua miwani. "Nipe namba ya msimamizi wako."

Sikuwa na njia. Alimpigia palepale, akatoka nje kuzungumza, akarudi baada ya muda. "Anasema ulimfokea mbele ya vijana wake ukatupa spana," alisema. "Anasema pia kwamba kwa kusikiliza tu ulikuwa unajua tatizo liko wapi, na tangu uondoke hajapata mwingine wa hivyo. Mimi nitapeleka yote mawili. Uongo sipelekei mtu, kwa sababu kesho nitahitaji kumpelekea mtu mwingine."

Nikauliza kazi itapatikana lini.

"Kwa sasa sina. Ikipatikana nitakupigia. Na hapa hulipi chochote, anayenilipa ni mwajiri. Lete vyeti halisi nivione, nitoe nakala, uondoke navyo."

Nilitoka nimevimba. Tumezunguka mji mzima kutafuta mtu wa kuniambia hana kazi! Mama alikuwa anatabasamu peke yake. Alisema mwenye kaya asiye na ng'ombe akakwambia hana ng'ombe, huyo unaweza kumsubiri.

Vikabaki vyeti. Tulipanda basi dogo kupitia Ushirombo hadi Katoro, na njiani nilikuwa nimeshapanga maneno makali ya kumpasha yule mjomba. Mama akanikataza kufungua mdomo. Tulipofika, sebule ya ofisi ilikuwa na watu kama kumi wanaosubiri. Mama akaketi katikati yao, akakunja khanga magotini, akaanza kusalimia. Alimsalimia kila mmoja salamu kamili, mvua, mifugo, wazazi, mpaka ukoo, na kila aliyemuuliza amefuata nini alimjibu kwa sauti yake ya shambani: "Nimefuata vyeti vya mwanangu. Vimelala humu miezi mitatu."

Kijana mmoja akasema, "Hata vyangu vimo." Dada aliyekuwa karibu na dirisha akasema vyake vina miezi mitano. Mama akawahurumia mmoja mmoja, bila kumlaumu mtu yeyote. Mwenye ofisi alichungulia mara moja. Mara ya pili alitoka na bahasha yangu mkononi.

"Mayu, mama yangu, kwa nini hukuniambia unakuja?" aliuliza.

"Ningekusumbua, baba," mama alimjibu. "Na hawa wanangu wengine, vyao viko wapi?"

Tulipoondoka alikuwa anafungua makabati, na watu wote wamesimama. Nilicheka mpaka Ushirombo.

Simu ya yule mama wa miwani ilikuja wiki ya saba. Kampuni moja ya kutengeneza magari ya migodini, Geita, ilihitaji fundi umeme. Usaili ni Alhamisi. "Nimewaambia habari ya spana," alisema. "Watakuuliza. Usinitie aibu."

Usiku wa kuamkia Alhamisi sikulala vizuri, na sioni aibu kusema niliogopa. Uongo wa mkataba kuisha nilikuwa nimeuzoea, ulikuwa unatoka wenyewe. Ukweli sikuwa nimewahi kuusema mbele ya mtu anayeweza kuninyima kazi.

Wasaili walikuwa watatu. Wawili waliuliza mambo ya ufundi, nikajibu. Wa tatu, mzee mwenye mikono ya mtu aliyefungua bolti maisha yake yote, aliuliza lake mwisho kabisa.

"Ule ugomvi ulikuwa wa nini?"

Nikamweleza. Msimamizi aliagiza lori litoke, mimi nilisema waya fulani umeanza kuyeyuka, akasema mwanamke asimfundishe kazi.

"Na waya?"

"Uliyeyuka njiani, lori likashika moto. Dereva aliwahi kuruka."

"Kwa hiyo ulikuwa sahihi."

"Kuhusu waya nilikuwa sahihi," nilisema. "Kuhusu kumfokea mbele ya vijana wake, hapana. Ningeweza kuchukua funguo za lori nikakaa nazo kimya."

Mzee akacheka kidogo, akafunga faili. Waliniambia nisubiri nje. Baada ya nusu saa akatoka mwenyewe kuniambia nianze Jumatatu, na niwape stoo saizi yangu ya buti.

Nilikaa kwenye ukingo wa saruji nje ya geti, malori yananipita, nikampigia mama kumwambia nimepata kazi. Alikuwa shambani, nikasikia upepo kwenye simu yake.

"Walikuuliza habari ya ugomvi?"

"Waliniuliza."

"Ukawaambia ukweli?"

"Nikawaambia wote, mama."

Nikasikia akiweka jembe chini. Kisha akauliza taratibu, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake:

"Na bado wamekutaka?"