Visanduku vya Sonia na vijana wasiokuwapo

Msumari umekataa kutoka. Sonia Silvio anaugonga kwa upande wa pili, anaubana ubao wa paleti chini ya goti, kisha anaung'oa kwa jino la nyundo huku ameuma meno. Ubao ukipasuka, unakwenda kuwa kuni. Huu haupasuki.

Yupo nyuma ya nyumba yake Likombe, pembezoni mwa mji wa Mtwara. Pembeni yake pana rundo la mapaleti yaliyotupwa na maghala ya korosho, meusi kwa vumbi na oili. Akishayapiga randa na msasa, anapata mbao za rangi ya asali, na hizo ndizo anazoundia visanduku vidogo vya kuwekea udi, hereni au pete za harusi.

"Watu wanaona takataka," anasema mama huyu wa miaka arobaini na tatu. "Mimi naona ubao uliotembea dunia kuliko mimi."

Ufundi alirithi kwa baba yake, seremala aliyevuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa na msumeno na randa tu. Mumewe alipofariki, ni visanduku hivyo vilivyomlea yeye na binti yake, Ines.

Mteja wake mkubwa alikuwa mwenye duka la zawadi mjini, ambaye gazeti hili linahifadhi jina lake. Alinunua kila kisanduku kwa shilingi elfu saba na kukiuza mara nne yake.

"Bei sikumgombeza," anasema Sonia. "Akishanunua ni chake, auze atakavyo."

Kilichomchoma ni kingine. Mwaka jana, jirani yake Nasra alimjia mbio na simu mkononi.

"Shoga, hivi si visanduku vyako?"

Ilikuwa picha kutoka kwenye maonyesho ya biashara. Visanduku vilipangwa kwenye meza ya mwenye duka yule, na juu yake kitambaa kimeandikwa: Kazi za vijana wa karakana yetu.

Karakana hiyo haipo. Vijana hao hawapo.

Sonia alijifunga kanga, akaenda kwenye maonyesho. Alimkuta mfanyabiashara huyo akiwasimulia wageni jinsi alivyowatoa vijana mitaani na kuwafundisha useremala.

"Baba, hivi nimevitengeneza mimi," alimwambia.

Yule bwana alicheka. "Mama, karibu ununue."

Sonia hakununua. Alikishika kimoja, akakifungua, akaanza kuwaonyesha wageni vigingi vya mti alivyochonga kwa mkono kushikilia pembe. Hakufika mbali. Mwenye meza alipaza sauti kwamba anaibiwa, na walinzi wa maonyesho wakamshika mikono.

"Nangu si mwizi!" alifoka, Kimakonde kikimtangulia mdomoni. Mimi si mwizi!

Walimpekua mbele za watu. Walimvua kilemba, wakakikung'uta. Kisha wakamweka juani nyuma ya hema lao hadi alasiri, Nasra alipowaleta majirani watatu kushuhudia kwamba visanduku ni vyake. Aliachiwa bila hata neno "samahani".

Siku hiyo hiyo, mfanyabiashara yule alipewa cheti cha ubunifu.

Nilipompigia simu kumuuliza hao vijana wako wapi, alijibu kwamba wako likizo. Kuhusu Sonia alisema, "Yule mama tulikuwa tunamsaidia tu." Kisha akakata simu.

Kumsaidia! Sonia anaposikia neno hilo anaiweka randa chini.

"Mimi ndiye niliyevimba mikono. Mimi ndiye niliyevuliwa kilemba. Halafu nimesaidiwa?"

Miezi miwili baadaye, duka likaishiwa mzigo. Mwenye duka alimtuma mfanyakazi wake, Lukasi, na ujumbe mtamu: tusahau yaliyopita, dada, tunahitaji visanduku arobaini. Nyumbani unga ulikuwa umebaki kibaba. Ines alimtazama mama yake.

"Mwambie," Sonia alimjibu Lukasi, "awaamshe vijana wake."

Tangu hapo anauza mwenyewe, nyumba kwa nyumba, mpaka Mtawanya. Kipato kimeshuka, hafichi. Lakini sasa kila kifuniko anakichoma jina lake kwa ndani, kwa waya uliopashwa motoni.

Maonyesho yajayo, yeye na Nasra wanachanga kulipia meza yao.

"Nitakaa hapo tangu asubuhi, na randa yangu," anasema. "Anayetaka kununua atanikuta. Na anayetaka kunikamata, atanikuta hapo hapo."