Nyumba Moja, Mtu Mmoja

Lowri Prydderch alikuwa na mdomo mchafu na mikono migumu, na ndiye aliyetuongoza sisi wanawake wa kijiji cha pwani cha Porth Eilwen kuivuta mashua ya uokozi hadi majini. Wanaume walipiga makasia, wakasifiwa kanisani. Sisi tulirudi nyumbani na sketi zilizolowa.

Sheria yetu ilikuwa nyumba moja, mtu mmoja mashuani, bahari isije ikafagia ukoo mzima kwa siku moja.

Asubuhi ile ya Novemba meli ilikwama mwambani, mabaharia wakining'inia milingotini. Tudur, mwana mkubwa wa Lowri, alikuwa keshaketi mashuani. Kasia moja lilikosa mtu. Ithel, mdogo wake, alisimama ufukweni akivua koti.

"Lowri, niachie huyo," Hopcyn, nahodha wa mashua yetu, akasema. "Wale kule wanakufa."

Hakuna aliyethubutu kumtazama Lowri usoni.

"Nyumba yangu imeshatoa," akajibu. "Ukimtaka huyu, mteremshe kaka yake."

Ndipo Idwal, mtoto wa pekee wa jirani yake Gwladys, alipopanda bila kuitwa. Gwladys akaikaza kamba mikononi. Tukavuta.

Walirudi na mabaharia wote, bila Idwal.

Lowri hakuwa na kosa, na hilo ndilo lililomtesa. Hakuna aliyemlaumu, hata Gwladys, aliyeendelea kumsalimu kanisani kila Jumapili. Afadhali angemtukana. Lowri akakonda, matusi yakamkauka mdomoni, na sisi kwenye kamba tukayakosa.

Mwaka uliofuata dhoruba ikaleta meli nyingine, na kasia likakosa mtu tena. Tudur alikuwa keshapanda. Lowri akamshika Ithel mkono, akamsukuma mashuani mwenyewe. Hopcyn akamkumbusha sheria, akaambiwa afunge domo. Niliogopa, maana nilijua anataka kulipa deni la Idwal.

Gwladys akaiacha kamba, akaingia majini hadi kiunoni, akamkamata Ithel ukosi.

"Mwanangu, shuka."

Ithel akamtazama mama yake. Gwladys hakumwachia.

"Lowri, sikumtoa Idwal ili nawe uzike wako," akasema. "Sitafuti mwenzangu wa kulia naye."

Ithel akashuka. Lowri akalia mbele yetu sote, kwa sauti, bila haya. Tukavuta. Mashua ikaondoka na kasia moja pungufu, Tudur akiwa ndani, na wale wanawake wawili wakasimama bega kwa bega kumsubiri.