Mchoyo wa Kadi

Alhamisi asubuhi nilipigiwa simu nikaambiwa mchoyo wetu amefariki. Usinishangae, msomaji, ndivyo tulivyomwita sisi makarani wa mapokezi katika hospitali moja hapa Edgbaston, Birmingham, naye akiitika. Alikuwa Msomali wa Kenya, mkazi wa mtaa wa Lozells, na uchoyo wake ulikuwa wa kitu kimoja tu: ile kadi ya chipu tuliyogawiwa ili kompyuta ijue nani anafungua mafaili ya wagonjwa. Sisi wengine tuliiacha imechomekwa tangu asubuhi, na aliyepita akaitumia. Yeye akiinuka hata kwenda kuchemsha chai, aliichomoa na kuivaa shingoni. Akirudi, anaanza upya na namba yake ya siri huku foleni ikiguna. Tulimcheka sana.

Msimu mmoja wa baridi boila yangu ya kupashia maji iliharibika. Bila kuombwa alinipa ufunguo wa nyumba yake, nikawa nawapeleka wanangu kuoga huko wiki mbili nzima, mwenyewe akiwa kazini. Wiki iliyofuata nikasahau kadi yangu nyumbani, nikamwomba yake kwa dakika kumi tu.

"Hapana, dada. Kadi si ya ku-lend."

"Nyumba nzima umeniachia, kadi ndiyo unaninyima?"

"Ule ufunguo unafungua kwangu," akasema. "Hii inafungua kwa watu."

Nilimnunia mpaka jioni. Lakini alikuwa na haki. Zamani faili lilikaa kabatini, na aliyelifuata alionekana akiingia. Siku hizi mtu anakunywa chai yake huku anasoma maradhi ya jirani. Na sisi Waswahili wa Birmingham tunajuana mno: ukipimwa damu Jumatatu, Ijumaa unapewa pole na watu ambao hukuwaambia.

Mwezi uliopita alilazwa hospitalini kwetu, asimwambie mtu anaumwa nini. Nakiri, nilichomeka kadi yangu na kuandika herufi tatu za jina lake. Nilimpenda, na nilikuwa naogopa. Kisha nikaichomoa kabla faili halijafunguka, nikapanda wodini, nikakaa naye. Hakunieleza, nami sikumuuliza.

Msibani wanawake walinizunguka. "Wewe si uko palepale hospitali? Alikuwa na nini?"

Nikasema sijui.

Mmoja akabetua midomo: "Mchoyo wewe, hata wa maneno!"

Nililia huku nacheka. Lile jina tulilompa halikuzikwa naye. Nimeachiwa mimi, na hilo nalo si la kumwazima mtu.