Mtu Mzima wa Miaka Kumi na Sita

Nilipotoka unyagoni nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kina bibi waliniimbia kwamba sasa nimekuwa mtu mzima. Kosa langu ni kuwaamini. Miaka minne baadaye baba aliniambia niache shule, msimu wa korosho umefika, nikaokote. Nikamjibu kwamba mikorosho ni yake, aokote mwenyewe.

"Ukijiona umekua, ondoka," akasema.

Nikaondoka. Nilitoka kijijini kwetu Mkunya kabla chai haijachemka, jeuri yangu yote nimeitia ndani ya begi la shule.

Kule Masasi mjini, mtaa wa Lisekese, nilipata chumba cha kupanga. Mwenye nyumba hakujali umri wangu. Alitaka barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa tu. Mtendaji alikuwa mama wa makamo, nikamkuta anakula muhogo wa kuchoma juu ya mafaili ya serikali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una miaka mingapi?"

"Kumi na sita. Lakini nimeshachezwa unyago."

Alicheka mpaka muhogo ukampalia. "Mwanangu, mimi nilichezwa nina miaka tisa. Nikarudi nyumbani, nikaendelea kukojoa kitandani."

Akanieleza kwamba kwa sheria, aliye chini ya miaka kumi na nane ni mtoto. Mzazi lazima amlishe, amlaze, amsomeshe, na hakuna ngoma inayomfutia wajibu huo. Barua hakuandika. Alinidai namba ya baba, akampigia, akaweka spika.

"Mwache hukohuko," baba akasema. "Si amechezwa? Mtu mzima huyo. Ajitegemee."

Maneno yangu yaleyale! Mimi niliyasema kwa mbwembwe, lakini kuyasikia kwake kuliniuma vibaya. Niliogopa kwamba safari hii hatanii, kwamba sina tena kwetu. Nikalia, machozi na kamasi, mtu mzima mimi.

"Mzee," mtendaji akasema, "unyago tunauheshimu, hata mimi naucheza. Ila huyu ni mtoto wako, upende usipende, na shule haisubiri korosho ziishe. Au nije huko na watu wa ustawi wa jamii?"

Nilimsikia baba akikohoa, kama afanyavyo kila mama yangu anapomshinda kwa hoja.

"Arudi," akasema. "Jumatatu anakwenda shule." Kisha akauliza, sauti imeshuka, "Amekula?"

Mtendaji alikuwa ameshanisogezea sahani ya muhogo.

"Bado, baba," nikasema. "Tangu jana sijala."